Wimbo Uliokaa Shingoni

Wimbo mzuri ni ule uliokusaidia kufanya jambo. Mwingine wowote ni kelele za watu wenye nafasi. Nasema mapema, ili anayetaka maneno laini kuhusu muziki aende akatafute aliyesoma. Mimi nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa sababu nyani walikuwa wanatumalizia mahindi na mwalimu hakuwa tayari kuja kuyalinda. Leo nina mashine ya kusaga Kihonda, nina nyumba ya bati la rangi, na nina shingo ambayo daktari aliipiga picha akaniuliza kama ujanani nilikuwa mcheza mieleka.

Nyimbo ninazozipenda ni tatu.

Wa kwanza ni wa dansi, wa bendi moja ya zamani, una gita linaloanza kabla ya mwimbaji na halina haraka ya kumpisha. Niliusikia Mikese nikiwa kijana, napeleka matenga mawili ya machungwa Dar. Basi lilisimama watu wanywe chai. Mimi sikuwa na imani na konda, nikashusha matenga yangu nikayaweka miguuni, nikakaa kwenye benchi la hoteli. Redio ikaanza gita lile. Nikajiambia, likiisha napanda. Gita halikuisha. Basi likaondoka na shati langu, nililokuwa nimelitundika dirishani, mimi nikabaki kando ya barabara kifua wazi na machungwa. Kabla ya adhuhuri madereva wa malori walikuwa wameyamaliza yote, na bei niliitaja mimi. Tangu siku ile sikupeleka tena machungwa Dar. Nilikaa Mikese, nikasubiri Dar inifuate. Wengine wana shahada, mimi nina gita lile.

Wa pili ni wa taarabu, na si wangu, ni wa mke wangu. Mke wangu hagombani. Huweka wimbo. Nikiwa barazani nikisikia yule mwimbaji wa kike anaanza kunichamba kutoka jikoni, najua kuna kosa, na kazi yangu ni kulitafuta. Ubeti wa kwanza nakagua viatu kama nimeingia navyo ndani. Ubeti wa pili nakumbuka nani nimemwahidi nini. Ukifika wa tatu, kwa kawaida nimeshalipata, naingia jikoni naomba radhi, na redio inazimwa. Naupenda kwa sababu unaokoa muda. Jirani yangu na mkewe hawana wimbo, wana maneno tu, na wako kwenye kosa lilelile tangu walipohamia.

Wa tatu ni wa mama yangu, na ndio karibu univunjie heshima mwaka huu.

Sisi ni watu wa juu, kwenye milima ya Uluguru, ukipita Matombo unapanda mpaka miguu ikuulize unakwenda wapi. Utotoni tulikuwa tunashusha ndizi mpaka gulioni, mkungu kichwani, kwa mstari mmoja, kwa sababu njia ile haina nafasi ya watu wawili. Mbele mama, nyuma yake mimi, nyuma yangu dada yangu mdogo na kakikapu kake. Asubuhi ukungu ni mzito, na udongo ule mwekundu ukilowa ni kama mtu kaupaka sabuni. Mama alikuwa anaimba. Goti lake lilipoharibika, mimi ndiye niliyeshika mbele nikaimba. Dada hakuwahi kushika mbele. Yeye alikuwa wa kuitikia.

Basi mwaka huu binti ya dada yangu akapata mchumba, kijana wa Dar. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba yake yupo, anaheshimiwa, anapewa kiti na soda, lakini anayemtoa binti ni mjomba. Mjomba ni mimi. Nilishanunua suti ya rangi waliyoipanga kamati, rangi ambayo kwetu ni ya ubuyu lakini wao wana jina lake.

Wiki moja kabla ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti, dada akateremka kutoka Matombo na mkungu wa ndizi wa kunizawadia. Hakukaa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kaa basi, unasimama kama mdai."

"Nina neno moja. Kamati wana mambo yao, keki, puto, sijui moshi wa kutoka sakafuni. Sawa. Mimi nataka kitu kimoja. Nataka siku hiyo uimbe ule wa mama."

"Ule wa njiani?"

"Ule. Mama aliuimba siku ananipeleka mimi kwa mume, sanduku langu kichwani kwake na goti lake lile bovu. Mimi nina majibu tu, kaka. Miaka yote hii nina majibu, sina maswali. Aliyebaki na maswali ni wewe. Binti yangu akitoka bila wimbo ule, nitaona kama mama tumemzika mara ya pili."

Mtu mwingine angesema, ngoja nijaribu kukumbuka. Mimi nilisema, "Naujua kama ninavyojua jina langu. Wewe njoo na masikio."

Akaondoka anacheka. Nikakaa kwenye kiti changu cha barazani, nikakohoa, nikaanza.

Wimbo wenyewe ni wa Kiluguru, hapa nautoa kwa Kiswahili na chumvi nyingi inamwagika njiani. Unakwenda hivi: "Wa nyuma upo, au umekaa kwenye jiwe?" Na wa nyuma anajibu, "Tangulia, mgongo nauona." Halafu, "Wa nyuma upo, au ukungu umekumeza?" "Tangulia, mgongo nauona." Halafu.

Halafu hakuna. Nilikaa pale mdomo wazi kama mlango wa banda la kuku. Beti zilikuwa nyingi, za kutosha kutoka nyumbani hadi gulioni, na mimi nilikuwa na mbili, ambazo hazikufikishi hata kwenye choo cha jirani.

Nilijaribu bafuni. Nilijaribu msikitini baada ya sala, nikaomba msamaha palepale. Siku ya pili akaja bibi harusi mwenyewe na simu.

"Shikamoo mjomba. Mama kasema unatuimbia. Nikurekodi kidogo, dijei aupigie midundo?"

"Wimbo wa heshima haupigiwi midundo."

"Basi nikurekodi hivyohivyo tu, niwarushie kamati kwenye grupu."

"Nina mafua."

"Mjomba, umesahau?"

"Nani kasahau? Mimi nakumbuka mpaka meno yako ya kwanza yalivyoota, la chini kushoto. Toka."

Alipotoka, mke wangu akatokea mlangoni na ungo. "Umesahau," akasema, akarudi ndani. Hakuweka hata wimbo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Siku ya tatu kijana wa kubeba mizigo pale mashineni hakuja, na kulikuwa na mama mmoja ana kiroba chake cha mahindi, analalamika anachelewa. Miaka mingi sijabeba kitu. Nina watu wa kubeba, ndiyo maana ya kufanikiwa. Lakini yule mama alikuwa na mdomo, nikaona bora kiroba. Nikakiinua, nikakitua kichwani, shingo ikalia kidogo, nikapiga hatua mbili, na mdomo wangu, wallahi, ukafunguka wenyewe: "Wa nyuma upo? Goti lako linalia kama bawaba ya jumbe!"

Ubeti wa tatu!

Nikashusha kiroba kwa furaha nikautafute wa nne. Haupo. Na wa tatu nao umeondoka. Nikakipandisha kiroba, wa tatu ukarudi na mwenzake: "Wa nyuma upo, au ndizi umezila?" Nikashusha, kimya. Nikapandisha, wimbo. Wateja wakaacha foleni wakaja kutazama.

"Mzee," akasema yule mama, "hayo ni mahindi yangu au ni redio yako?"

Nilimweleza mke wangu. Yeye ni mtu wa vitendo. Alinitwika ndoo ya maji, nikazunguka uani, nikaimba beti nne mpaka kwenye ubeti wa mto, nikakwama. Akafikiri. "Hapa Kihonda ni tambarare," akasema. "Mto mtaufikaje hamshuki?"

Kwa hiyo kesho yake tukachukua ule mkungu wa dada, tukaenda Bigwa, mlima unapoanza. Tukapanda kwa gari, tukashuka kwa miguu, mimi na mkungu mbele, yeye nyuma kashika viatu vyangu. Na wimbo ukaja wote. Ulikuja kama ng'ombe wanaoijua njia ya zizini. Mto, utelezi, mbwa wa mzee mmoja mchawi, mpaka mwisho kabisa, pale unapouona moshi wa gulio na kuuliza, "Nani atanitua?" na wa nyuma anabadilisha jibu, "Tua, tumefika." Nilikuwa nalia na jasho, na sikujua kipi ni kipi.

Kasoro yake ni kwamba njia ile ni ya watu. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa fundi aliyenijengea ukuta. Alinitazama, akautazama mkungu, akavua kofia.

"Shikamoo mzee. Mashine imekufa?"

"Mashine ni nzima."

"Ah. Basi pole sana mzee wangu. Ndiyo dunia."

Wa pili alikuwa na bodaboda, akapunguza mwendo kwa heshima kama anapita msiba. Kufika jioni Kihonda nzima ilikuwa inajua kwamba nimefilisika, nimerudi kuuza ndizi kwa kichwa, na mke wangu ananifuata nyuma na viatu vyangu avipeleke mnadani. Kesho yake asubuhi yule jirani wa maneno akaniletea mfuko wa unga wa dona. Kaushika kwa mikono miwili.

"Jirani, leo kwako, kesho kwangu."

Nikautazama ule unga. Ulikuwa umesagwa kwangu. Naujua kwa chenga zake.

Hapo nikakasirika. Maisha yangu yote nimefanya kazi ili nisionekane tena na mkungu kichwani, na sasa nimejionesha mwenyewe kwa hiari. Nikamwambia mke wangu, mzigo basi. Wimbo nimeshaupata wote, uko kichwani, nitaimba nimesimama kama watu, na suti yangu, na kipaza sauti. Akashauri walau niweke jiwe la mizani ndani ya kofia, pasitokee wa kuona. Tulilijaribu. Shingo si mjinga. Haikutoa hata neno, na jiwe liliniangukia kidole cha mguu.

"Utaimba," nikajiambia. "Mwanaume huamua."

Sendofu tulifanya mchana, ili watu wa mlimani wawahi barabara kabla ya mvua. Ukumbi wa Kihonda ulikuwa umejaa. Wakwe kutoka Dar walikaa upande wa kulia, wananukia. Dada yangu alikaa kiti cha mbele kabisa, kanga mpya, mikono magotini. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na meza ya zawadi za wa mlimani, na katikati yake mkungu mwingine wa dada, mkubwa kuliko wote, kamati wameufunga utepe kama mgonjwa.

MC akapiga kelele zake. "Mjomba! Mjomba mwenye mali! Mjomba mwenye binti! Dijei, nipe ukimya!"

Nikashika kipaza sauti. Nikaimba, "Wa nyuma upo, au umekaa kwenye jiwe?"

Dada yangu akajibu palepale, hakungoja kipaza sauti: "Tangulia, mgongo nauona." Sauti ilikuwa ya yule mtoto wa kakikapu. Watu wakageuka kumtazama.

"Wa nyuma upo, au ukungu umekumeza?"

"Tangulia, mgongo nauona."

Halafu. Mnajua halafu yake.

Nilisimama. Dada akadhani sikumsikia, akajibu tena, "Tangulia, mgongo nauona." Nikafungua mdomo, ukatoka upepo. Akajibu mara ya tatu, polepole, anajibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza, na macho kayatoa kwangu kayashusha kwenye mikono yake. MC akaniokoa kwa namna ya MC: "Makofi kwa mjomba! Dijei!"

"Dijei akae kimya!" nikasema, na kipaza sauti kikapiga mluzi.

Nilijua kinachotakiwa. Nilijua pia kwamba upande wa kulia kulikuwa na wakwe wa Dar, na upande wa kushoto jirani yangu wa dona, na nusu ya ukumbi ule walikuwa wamekuja kuniangalia kwa huruma kama nitamudu kununua hata zawadi. Nikawatazama. Nikamtazama dada, anakunja ncha ya kanga. Nikavua koti la ubuyu nikampa MC alishike.

"Leteni ule mkungu."

"Mzee, huo ni wa maonyesho," akasema mwenyekiti wa kamati.

"Ndizi hazina maonyesho. Lete."

Hakuna aliyesogea. Aliyeinuka ni dada. Alivua mtandio, akausokota kwa mikono miwili bila kuutazama, ngata ikawa tayari kabla hajafika ngazi ya jukwaa. Akaniwekea kichwani, akaishindilia kwa kiganja kama mama alivyokuwa anafanya, kama anafunga chupa. Halafu akatokea mkwe wa Dar mwenyewe, baba wa bwana harusi, mtu wa miwani ya dhahabu, akakunja mikono ya shati.

"Mzee mwenzangu, nikutwike?"

"Unaweza?"

"Mimi nimezaliwa Kisarawe, usinione hivi."

Wakanitwika, yeye na fundi wa ukuta. Mkungu ukakaa. Shingo ikalia. Nikashuka ngazi za jukwaa, tatu tu, lakini ni kushuka.

"Wa nyuma upo? Goti lako linalia kama bawaba ya jumbe!"

"Tangulia, mgongo nauona!"

Na hapo, katikati ya ukumbi, nikaelewa jambo ambalo ningelielewa mapema kama ningekuwa nimesoma, au labda nisingelielewa kabisa. Ukiwa na mzigo kichwani huwezi kugeuka. Shingo haikubali. Kwenye ukungu ule mama hakuwa na namna ya kujua kama wanawe wapo nyuma au wameteleza korongoni, ila kwa kuuliza. Mtu mwenye shingo huru anageuka tu, anaona, ya nini kuimba? Ndiyo maana pale barazani wimbo ulinikataa. Kwenye kiti haukuwa na kazi.

Basi niliuliza. Niliuliza habari za mto, na mbwa, na ndizi zilizoliwa. Nyuma yangu sauti ya kwanza ilikuwa ya dada. Kwenye ubeti wa mto ikaongezeka nyingine, ya bibi harusi, ananyanyua gauni lake, nilisikia lilivyokuwa linakwaruza sakafu. Kisha mke wangu, ambaye si Mluguru na hajui neno hata moja, lakini kujibu hashindwi. Nikafika mlangoni. Mahali pa kumalizia ni hapo, mjomba anamfikisha binti mlangoni, basi. Ila kumaliza ni kuimba ule ubeti wa mwisho, na dada yangu alikuwa anajibu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu goti la mama liharibike. Nani angemkatisha? Nikatunga mengine. "Wa nyuma upo, au MC amekuuza?" "Tangulia, mgongo nauona!" "Wa nyuma upo, au umekula unga wa jirani?" Nikasikia watu wanacheka, na jirani yangu akiwa miongoni mwao. Nikatoka nje, nikashuka kwenye uwanja wa magari, nikapita lango, nikafika kwenye lami na ukumbi mzima nyuma yangu.

Shingo ndiyo iliyoamua. Nikasimama, nikaimba, "Moshi wa gulio nauona, nani atanitua?"

Dada akajibu, si kwa kuimba, ni kwa kusema tu. "Tua, kaka. Tumefika."

Lakini hakuna aliyekuja kunitua. Mikono yote huko nyuma ilikuwa na kazi, mingine inafuta macho, mingine imeshika simu inarekodi. Nikabaki pale kando ya barabara, suruali ya ubuyu na mkungu wenye utepe, siwezi kugeuka. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo, akasimama mbele yangu, akautazama mkungu kwa jicho la mnunuzi.

"Mzee, shikamoo. Unauza?"

"Hauuzwi huo," akajibu dada yangu nyuma yangu, na sauti yake ilikuwa karibu sana. "Shuka kwenye hiyo pikipiki uje umtue kaka yangu."